Mgonjwa asiyepona naye hutunzwa: kutoka Kampala na Rumangabo hadi kwa mbwa wa nyumbani

Kwa wakaaji wa Manguredjipa, katika sekta ya Bapere, mbwa ni mlinzi wa nyumba na mwenzi wa mwindaji. Hata kwenye njia ya kukimbia vita kuelekea Butembo, kuna familia zinazofika na mbwa wao. Lakini akiota uvimbe unaotoa damu, watu husema: « Huyo amekwisha, aachwe. » Historia ya eneo hili inafundisha jambo lingine.

Mwaka 1993, daktari Mwingereza Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Wagonjwa wengi wa kansa walikuwa wakirudishwa nyumbani na maumivu yao, kwa sababu walichelewa kupata matibabu. Timu yake ilichanganya unga wa morfini na maji, ikawapa wagonjwa wanywe kwa kipimo wakiwa nyumbani. Mwaka 2004, Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandikia wagonjwa morfini.

Hapa Kivu Kaskazini, moyo huohuo ulionekana kwa mnyama. Mwaka 2007, walinzi wa Hifadhi ya Virunga walimkuta mtoto wa gorila wa miezi miwili ameshikilia maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Mlinzi André Bauma alimlaza kifuani usiku kucha ili apate joto. Gorila huyo, Ndakasi, alilelewa katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo. Tarehe 26 Septemba 2021, baada ya kuugua kwa muda mrefu, alikufa mikononi mwa Bauma akiwa na miaka 14.

Kwa mbwa, kwanza ugonjwa ujulikane. Uvimbe unaotoa damu kwenye sehemu za siri mara nyingi ni kansa inayoambukizwa kutoka mbwa hadi mbwa, hasa wanapopandana. Watafiti wamegundua kwamba ilianza kwa mbwa mmoja, maelfu ya miaka iliyopita. Mara nyingi hiyo inapona kwa sindano za vinkristini, dawa inayotokana na ua la Madagaska, mara moja kwa juma kwa majuma kadhaa. Ni dawa kali; mganga wa mifugo ndiye aidunge.

Kansa nyingine haziponi. Hapo mbwa apewe dawa ya maumivu aliyopimiwa na mganga, kidonda kisafishwe, nzi wafukuzwe, alale pakavu na maji yawe karibu. Asipewe vidonge vya watu: ibuprofeni inaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na parasetamoli inaua paka. Akiacha kula, akashindwa kusimama na kulia akiguswa tu, mganga anaweza kumdunga sindano ili afe bila kuteseka zaidi.

Mwenye mbwa, awe kwake au ukimbizini, amwone mganga mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo.