Watano wa Musoma na damu ya tumboni

Mwaka 1956 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha hesabu ya damu za watu wa wilaya ya Musoma, Tanganyika. Kati ya watoto wadogo 287, tisa walikuwa wamerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama. Kati ya watu wazima 654, wa namna hiyo walikuwa watano tu. Waliorithi kwa mzazi mmoja hali yao ilikuwa kinyume: asilimia 31 ya watoto, asilimia 38 ya watu wazima. Malaria ya kando ya ziwa iliwapunguza wasio na jeni hiyo. Selimundu ikawamaliza wenye mbili.

Takwimu hizo ziliingia katika vitabu vya jenetiki, zikabaki humo kama ushahidi wa malaria. Mimi huwawaza zaidi wale watano. Waliufikiaje utu uzima enzi zisizo na dawa? Huenda sehemu ya jibu ilikwisha kuonekana Brooklyn mwaka 1948, pale daktari wa watoto Janet Watson alipogundua kwamba chembe nyekundu za kichanga aliyerithi ugonjwa hujikunja mundu kwa nadra. Kichanga huzaliwa na himoglobini ya tumboni, nayo huizuia ile ya mundu isishikamane. Akishazaliwa, jeni za himoglobini hiyo ya tumboni huzimwa taratibu, na maradhi huanza.

Kazi ilikuwa kuipima himoglobini hiyo. Tone la damu liliwekwa juu ya karatasi iliyoloweshwa, umeme ukapitishwa, himoglobini zikatengana kwa mwendo wake. Lakini ile ya tumboni huangukia katikati ya ile ya ukubwani na ile ya mundu, mistari ikachanganyika. Ufumbuzi ulitoka kwenye kemia ya zamani: tangu 1866 mtafiti Körber alijua kwamba damu ya kitovu haiharibiwi upesi na alkali. Mwaka 1951 Karl Singer na wenzake wa Chicago waliigeuza kuwa kipimo. Damu ikitiwa alkali kwa dakika moja, himoglobini ya ukubwani huharibika. Ya tumboni hubaki na rangi yake, na rangi hiyo ndiyo hupimwa. Mwaka 1957 Kleihauer na Betke, Wajerumani, waliosha kioo chenye damu kwa asidi. Chembe zisizo na himoglobini ya tumboni zikabaki maganda matupu, zilizo nayo zikang'aa nyekundu. Sasa ilionekana pia imo katika chembe zipi, na hilo ni kubwa kuliko kiasi peke yake.

Mwaka uliofuata, ng'ambo ya ziwa, watafiti Jacob na Raper wa Kampala walieleza habari za watu ambao himoglobini yao ya tumboni haikuzimwa, kwa urithi. Ilipokutana na jeni ya mundu, ugonjwa uliotarajiwa haukuja. Mfano wa aina hiyo ulikwisha kuonekana Gold Coast mwaka 1955, lakini kwangu mimi Kampala ndiyo iliyouliza swali la kitabibu: je, kilichozimwa kinaweza kuwashwa?

Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walikiwasha katika nyani, kwa dawa ya saratani iitwayo azasitidini. Haidroksiyurea, iliyo salama zaidi, ikafuata na kuidhinishwa Marekani mwaka 1998. Swichi yenyewe ilikuja kujulikana baadaye: mwaka 2008, maabara ya mtafiti Stuart Orkin ilipopunguza jeni ya BCL11A katika seli za damu zilizooteshwa maabara, himoglobini ya tumboni ikapanda. Mwaka 2014 timu ya mtafiti Siana Nkya ilionyesha kwamba tofauti katika jeni hiyohiyo zinawagusa pia wagonjwa wa Tanzania.

Mwanza iliingia kwa njia ya karatasi. Hospitali ya Bugando ya mjini humo ilikuwa na matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, ya watoto wa Kanda ya Ziwa waliopimwa virusi vya Ukimwi. Mtafiti Emmanuela Ambrose na wenzake wakayapima tena, wakitafuta selimundu. Katika sampuli zaidi ya 17,000, kwa matokeo yaliyotoka 2020, mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na jeni moja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa.

Kisha wakawapima watoto wagonjwa wapatao 200 kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, na walio hatarini kupooza wakapewa haidroksiyurea. Himoglobini ya tumboni ilipanda, kasi ikashuka.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata swichi ya BCL11A ndani ya seli, kwa bei ya dola milioni 2.2 huko Marekani. Bugando dawa ni haidroksiyurea ya kumeza, na mtoto akirudi kliniki hupimwa damu upya, kwa sababu dozi inayoiwasha himoglobini ndiyo hiyohiyo inayoweza kushusha seli nyeupe.