Ua la Uani: Maua ya Kivuli ya Rungwe na Unguja

Bibi harusi wa visiwani ana asumini, mrehani na kilua, hakosi kikuba. Lakini siku hizi wapo wanaotamani okidi za mwituni wakiona picha za kule Mbeya. Kabla hujamwagiza mtu wa Tukuyu akung'olee, soma kwanza habari zake.

Enzi za Wajerumani, Tukuyu ikiitwa Neu Langenburg, aliishi Kyimbila, jirani na hapo, mtu wa misheni aitwaye Adolf Stolz. Alikusanya mimea ya Rungwe, akaikausha na kuipeleka Berlin. Mwaka 1915 Rudolf Schlechter, bingwa wa okidi, akaandika juu ya okidi hizo, na vile vidogo vinavyotambaa kwenye magome ya miti akaviita Stolzia. Wanyakyusa wenye msitu wao hawamo kwenye jina hilo. Machi 1943 mabomu yakaliangukia jumba la mimea la Berlin na sehemu kubwa ya hazina yake ikateketea. Msitu wa Rungwe ukabaki.

Hatari ya leo ni jembe. Viazi vya okidi za ardhini za nyanda za juu huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia, vikapikwa na karanga kuwa chikanda. Ukichimba kiazi, mmea umekwisha. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tena okidi haipandiki kwa urahisi: mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, hutegemea kuvu wa udongo wa kwao. Ukiileta kwenye joto la Unguja umeleta maiti.

La kupanda uani lipo, na lina historia ya hapa hapa. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja zama za Seyyid Barghash, alipeleka bustani ya Kew, London, ua jepesi la kivulini. Mwaka 1882 Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Kumbe Hooker huyo huyo alikwishalipa ua hilo jina mwaka 1868, walleriana, la mmisionari Horace Waller! Wataalamu walipogundua ni ua moja, jina la kwanza likashinda, Sultani akapokonywa. Dunia nzima sasa hulipanda, nasi tunalinunua tukidhani la Kizungu.

Chini ya mwembe kuna kivuli, ila mizizi ya mwembe hunywa maji yote. Kwa hiyo lipande kwenye chungu chenye tundu, udongo uchanganywe na samadi iliyooza. Kiangazi lipe maji kila siku. Likikosa hunyong'onyea kama mgonjwa, ukilimwagilia huinuka. Punguza vichwa litoe matawi, nalo litakaa miaka. Kitawi cha urefu wa kidole hutoa mizizi kwenye gilasi ya maji, kwa hiyo hata shoga yako anayeolewa umkatie chake.