Mwenye Maneno ni Nani? Matini za Kiswahili cha Lubumbashi Kutoka Mashine ya Kuandikia Hadi Intaneti

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya mji wa Elisabethville kuitwa Lubumbashi, kilitokea mjini humo kijitabu chenye kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, na habari yote ya ndani kwa Kiswahili. Kilipigwa kwa mashine ya kuandikia, wala hakikupitia kwa mchapishaji yeyote anayejulikana. Ukurasa wake wa kwanza unataja pande mbili: mkusanyaji, ambaye ni André Yav, na watumishi wa nyumbani wa zamani wa komyuni za Elisabethville, ambao ndio waliokitoa. Mwaka 1990 matini hiyo ilichapishwa kuwa kitabu cha kitaaluma huko Amsterdam. Mwaka 2001 iliwekwa kwenye intaneti, bure kwa yeyote anayeweza kuifikia.

Makala haya yanafuata safari ya matini hiyo na ya nyingine zinazofanana nayo, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo mijadala ya leo kuhusu maadili ya uchapishaji wa kielektroni huligusa kwa nadra. Katika vyuo vikuu maadili hayo hutajwa zaidi pale mwanafunzi anaponakili kazi ya mwenzake, au pale jarida lisilo na wahakiki linapomtoza mhadhiri fedha ili limchapishie makala. Hayo ni makosa ya kweli, na adhabu zake zinajulikana. Lakini taaluma ya Kiswahili nchini Kongo ina deni jingine la zamani zaidi: mwenye maneno ni nani, pale maneno yanapotoka kinywani mwa boi, mchoraji au mganga na kuishia katika kitabu cha profesa?

Uzito wa kijitabu cha Yav haueleweki bila kukumbuka hali ya maandishi ya Kiswahili katika Katanga ya kikoloni. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilitungwa na wamisionari, makampuni na watumishi wa serikali. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, alichambua vitabu vidogo vya kufundishia Kiswahili vilivyotumiwa na Wazungu, akaonyesha jinsi lugha ilivyofundishwa humo kama chombo cha kutolea amri. Boi alikuwa mtu wa kuambiwa. Katika kijitabu cha mwaka 1965 boi huyo ndiye anayesema. Anasimulia kuja kwa Wazungu, kuanzishwa kwa mji, kazi na mateso ya waliopika na kufua katika nyumba za mabwana. Hakuandika kwa ajili ya wataalamu. Aliandika ili wenzake, na watoto wa wenzake, wasisahau.

Aliandika pia jinsi alivyosema. Hakufuata tahajia ya Kiswahili sanifu, ambayo pengine hakuwahi kufundishwa. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kutenganishwa pasipotarajiwa, na alama za kituo ni haba. Msomaji wa kwanza wa kitaaluma aliyeishika nakala hiyo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi, ni kuisafisha: batoto wawe watoto, njo ya Lubumbashi ifutwe na kuwekewa ndiyo, sentensi zikatwe na kupangwa upya, halafu matini itolewe kana kwamba ilizaliwa hivyo. Wahariri wengi wamefanya hivyo kwa nia njema. Hata hivyo, nia njema ya namna hiyo humnyang'anya msemaji lugha yake huku ikidai kumpa heshima.

Chapisho la mwaka 1990, lililopewa jina History from Below, lilifuata njia ya pili. Matini ya Yav ilionyeshwa kama ilivyopigwa katika mashine. Kisha Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, kwani mengi yasiyosomeka kwa macho katika matini hiyo hueleweka mara moja yanaposikiwa na sikio lililozoea Kiswahili cha huko. Usomaji wake ukaandikwa na kuwekwa pamoja na matini ya awali, ikifuatwa na tafsiri ya Kiingereza. Walter Schicho wa Vienna aliongeza maelezo ya kiisimu. Kwa hiyo msomaji anaweza kuona mahali mkono wa Yav unapoishia na mahali sauti ya Kalundi Mango inapoanzia, na akitaka anaweza kupinga uamuzi wa msomaji huyo neno kwa neno. Kazi hiyo ya kusoma kwa sauti inastahili kuangaliwa zaidi kuliko ilivyoangaliwa. Ni kazi ya kitaaluma iliyo kamili, ingawa hufanywa na watu ambao vitabu huwataja kama wasaidizi.

Mambo yalikuwa tofauti kidogo kwa Tshibumba Kanda Matulu. Mchoraji huyu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha zaidi ya 100 za historia ya Zaire, na akazieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha Fabian, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kampasi ya Lubumbashi. Tshibumba hakujiita mtoa habari. Alijiona kuwa mwanahistoria, na picha zake alizitia sahihi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Kitabu Remembering the Present kilipotoka Marekani mwaka 1996, picha zilikuwamo na masimulizi yake yalikuwamo, lakini kwa Kiingereza. Mtu wa Lubumbashi aliyetaka kumsikia Tshibumba katika lugha aliyoitumia hakuweza kumpata katika kitabu hicho.

Hapo ndipo intaneti ilipoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Fabian pamoja na Vincent de Rooij, katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, walianzisha hifadhi ya kielektroni iliyoitwa Archives of Popular Swahili. Masimulizi ya Tshibumba yaliwekwa humo kwa Kiswahili, na tafsiri kando. Matini ya Yav ilifuata mwaka 2001. Kurasa zenyewe hazikuwa na madoido. Zilikuwa maandishi matupu yanayofunguka hata pale mtandao ulipokuwa dhaifu. Kwa mara ya kwanza mkusanyo wa Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi, kikiwa na njo zake na viambishi vyake vya ba-, uliweza kusomwa bila kununua kitabu cha bei ya Ulaya.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 2002 katika jarida la Current Anthropology, Fabian alieleza kwamba hifadhi ya namna hiyo inabadilisha uandishi wenyewe. Zamani mtafiti alinukuu mistari mitatu ya mazungumzo ya saa mbili, na msomaji hakuwa na budi kumwamini. Matini nzima ikiwa wazi kwa wote, mtafiti hawezi tena kuchagua mistari inayompendeza na kuificha ile inayompinga. Alilijaribu wazo hilo mwenyewe katika kitabu Ethnography as Commentary cha mwaka 2008, ambacho chote ni ufafanuzi wa mazungumzo mamoja aliyoyarekodi Lubumbashi mwaka 1974 pamoja na mganga aliyeifanyia nyumba yake kazi ya kuifunga ili ilindwe. Mazungumzo yenyewe yalikuwa yamewekwa katika hifadhi, yakimsubiri msomaji yeyote aliyetaka kukagua ufafanuzi huo.

Kama utaratibu wa ukweli wa kisayansi, jambo hili ni hatua kubwa. Lakini ukweli mbele ya msomaji si sawa na haki mbele ya msemaji.

Mwezi wa Februari 2002, wanasayansi na wakutubi waliokutana Budapest walitoa tamko ambalo limekuwa msingi wa uchapishaji huria duniani. Walitaka makala za kitaaluma zisomwe, zinakiliwe na kusambazwa bila malipo. Haki moja tu waliibakiza mikononi mwa mwandishi: kazi yake isiharibiwe, na yeye atambuliwe na kutajwa ipasavyo. Tamko la Berlin la mwezi wa Oktoba 2003 lilifuata mkondo huo. Maneno hayo ni mazuri, na yanamfaa mwanafizikia anayeandika makala yake mwenyewe mezani kwake. Yanapoletwa Lubumbashi, yanasimama mlangoni. Katika matini ya mganga wa mwaka 1974, mwandishi ni nani? Ni mganga aliyesema, mtafiti aliyeuliza na kurekodi, aliyeandika kutoka kwenye kanda, au aliyefasiri? Tamko lilimtazama mwandishi mmoja mwenye cheo na anwani, na desturi ya majarida imemtazama huyo huyo.

Sheria ya nchi haikulimaliza tatizo. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwandishi, hata baada ya kifo chake. Lakini mrithi wa Yav atadai wapi, na kwa ushahidi gani, ikiwa kazi yenyewe ilitolewa kwa jina la watu wengi waliokuwa watumishi?

Suala la ridhaa ni gumu zaidi. Mtu aliyekubali kurekodiwa Lubumbashi mwaka 1974 alikubali nini? Alikijua kinasa sauti. Labda alijua kwamba profesa huandika vitabu vinavyosomwa mbali. Hakuweza kujua kwamba baada ya miaka 25 sauti yake ingewekwa mahali ambapo mtu wa Tokyo na jirani yake wa mtaa wa Katuba wangeweza kuisoma usiku mmoja. Kwa mchoraji pengine hilo ni utukufu. Kwa mganga, maarifa ndiyo riziki, na yale anayomwambia mgeni mmoja ndani ya nyumba si lazima ayaseme sokoni. Wala hakuna kosa la kumshtaki mtafiti hapa. Ridhaa ilitolewa kwa haki katika ulimwengu mmoja, ikatumiwa katika ulimwengu mwingine.

Kanuni za wakati ule hazikusaidia sana. Zile za chama cha wanaanthropolojia wa Marekani za mwaka 1971 zilisisitiza haki ya mtoa habari ya kutotajwa jina. Zilitungwa kwa hofu ya utafiti kutumiwa na majeshi na majasusi, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini kumficha Tshibumba kungekuwa kumwibia. Kanuni moja haiwezi kumtosha mchoraji anayetia sahihi na mganga anayelinda siri ya kazi. Kanuni za karibuni zaidi, kama zile za CARE zilizotolewa mwaka 2019 kuhusu data za watu wa asili, zinataka jamii yenyewe iwe na mamlaka juu ya habari zake na inufaike nazo. Hizo zinakaribia zaidi hali ya Lubumbashi, ingawa mji wa wafanyakazi waliotoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko si jamii moja yenye wazee wa kuombwa idhini.

Limebaki neno "bure". Mwaka 2001 Kongo ilikuwa bado vitani. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyetaka kusoma kijitabu kilichoandikwa katika mji wake alilazimika kulipia muda katika nyumba ya intaneti, mradi umeme uwepo, ili mashine yake iombe ukurasa kutoka Amsterdam. Na anwani ya hifadhi hiyo imebadilika zaidi ya mara moja kadiri chuo mwenyeji kilivyopanga upya mitambo yake. Kila ilipobadilika, marejeo yaliyokwisha kuandikwa katika tasnifu yaligeuka kuwa milango isiyofunguka. Hakuna aliyekusudia kuwafungia watu wa Lubumbashi. Ila uamuzi wa kuhamisha maneno yao ulifanywa mahali ambapo wao hawakuwa na kiti.

Ilikuwako njia nyingine ya kurudisha. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na kuongozwa na wanahistoria akiwemo Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulikusanya masimulizi na vitu vya nyumbani vya wakazi, ukavionyesha mjini humo humo, mbele ya wenyewe. Maonyesho hufungwa na vitu hurudi makabatini, kwa hiyo hayawezi kuchukua nafasi ya hifadhi ya kudumu. Lakini aliyetoa picha ya harusi yake aliweza kwenda kuitazama kwa miguu.

Swali limeongezeka uzito katika miaka ya 2020, tangu matini zilizo wazi kwenye intaneti zilipoanza kukusanywa na mashine za kujifunzia lugha. Mashine hiyo haisomi ukurasa wa kwanza. Inachukua sentensi, na jina linabaki nyuma.

Hata wasomi wamefanya jambo linalofanana na hilo, bila mashine. Matini ya mwaka 1965 inaponukuliwa katika makala za kitaaluma, mara nyingi huandikwa "Fabian 1990". Jina la Yav liko katika kichwa kidogo cha kitabu hicho, na anayefungua kitabu hulikuta. Watumishi wa nyumbani wa zamani wa komyuni za Elisabethville, ambao mwaka 1965 waliwekwa katika ukurasa wa kwanza kama watoaji, hawamo katika kichwa hicho, wala katika marejeo yanayokifuata.