Chumba kimoja, ua wa wote

Mahurunga, kata ya mpakani kwenye ukingo wa Mto Ruvuma, watu hulala ndani lakini huishi nje. Jiko liko nje, mpunga wa bondeni huanikwa nje, mgeni hutandikiwa mkeka chini ya mwembe. Kijana wa huko akienda Dar es Salaam hupanga chumba kimoja, mara nyingi Mbagala au Temeke, maana mabasi ya Kusini huingia mjini kwa Barabara ya Kilwa na ndugu waliomtangulia walishukia hukohuko. Tumezoea kukiita chumba hicho matokeo ya umaskini wa leo. Kumbe kina umri wa karne nzima, na mwanzoni hakikukusudiwa kuwa nyumba.

Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Wajerumani ilikuwa imeanza kupima viwanja vya Waafrika nyuma ya mji wa Dar es Salaam, vidogovidogo, mitaa imenyooka. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na eneo likabaki na jina la Kariakoo. Baadaye mji ukagawanywa: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa Wahindi, Uswahilini kwa waliobaki.

Katika viwanja vile vya Uswahilini ndipo nyumba ya Kiswahili ilipopata sura tunayoijua. Mlango wa mbele unaingia ukumbini, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na mlango wa nyuma unatokea uani penye jiko, choo na bafu. Mbele kuna kibaraza. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja, vilivyobaki hupangisha. J.A.K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliikuta Dar es Salaam ikipangishwa hivyo, chumba kwa chumba. Kwa mtu asiye na pensheni wala duka, vyumba vya kupangisha ndivyo vilivyomlisha uzeeni. Sijaona mpango wa serikali uliowahifadhi wahamiaji wengi wa mji huu kuliko nyumba hizi zilizojengwa na watu wa kawaida.

Wakoloni nao waliridhika. Machoni mwao Mwafrika mjini alikuwa mtu wa kupita, bachela atakayerudi kwao, kwa hiyo mshahara wake haukuhesabu mke wala mtoto. Watu wa Jimbo la Kusini, wa Mahurunga wakiwamo, waliyajua hayo kabla hata ya kufika Dar es Salaam: ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwaandikisha manamba na kuwapeleka kwenye kambi za mashamba, ambako kulala kwa kubanana kulikuwa sehemu ya kazi.

Mbinu za kuishi chumbani bado ni zilezile. Kitanda hupandishwa juu ya matofali ili uvunguni paingie masanduku, ndoo na gunia la mchele uliotoka nyumbani. Kamba inafungwa ukuta kwa ukuta, pazia linaning'inizwa: upande huu baba na mama, upande ule watoto na shemeji aliyekuja kutafuta kazi. Madumu ya maji nyuma ya mlango. Mchana chumba ni kitupu, kwa sababu maisha yako uani, pamoja na ugomvi wa zamu ya kufagia na wa nani kamaliza umeme wa LUKU.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Pigo liliangukia zaidi Uhindini; nyumba nyingi za Kiswahili hazikufikia kiwango hicho. Kilichoziondoa Kariakoo ni biashara. Kuanzia miaka ya 1990 wenye viwanja waliuza au kuingia ubia, na maghorofa yakapanda.

Sasa dalali anatembeza “chumba self” au “masta”: choo na bafu ndani, pengine kajiko pembeni, kodi ya miezi sita mkononi. Anayechoka kupanga foleni ya choo na wapangaji wengine ana haki ya kukifurahia. Ila chumba chenyewe hakikuongezeka sana. Kilichopungua ni ua. Mkaa haufai ndani, kinu hakina pa kuwekwa, nguo zinaanikwa kwenye ngazi.

Msiba ukitokea, hesabu hiyo huonekana haraka. Ghorofani hakuna pa kukaza turubai, ngazi hazibebi sufuria la pilau, na waombolezaji hawawezi kulala kwenye korido. Ndugu hupigiana simu kutafuta nani ana uwanja. Mara nyingi jibu ni Mbagala, kwa shangazi au mjomba mwenye nyumba ya vyumba sita. Wapangaji wake huondoa kamba za nguo, na viti vya plastiki vya kukodi hupangwa mpaka barabarani.