Mahasimu wa Mvita na Amu

Mwandishi wa riwaya atakaye kuwagombanisha watu wawili wasioonana tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho hushikwa na mashaka, kwani hana baraza ya kuwakutanisha wala kadhi wa kuwaamua. Lakini washairi wa pwani yetu waliifahamu kazi hiyo barabara mwanzoni mwa karne ya 19, miji ya Mvita, yaani Mombasa, na Amu, yaani Lamu, ilipohasimiana.

Asili ya uhasama ilikuwa utawala. Mazrui, watawala wa Mombasa, wakishirikiana na Pate, walitaka Amu iwe chini ya amri yao. Waamu wakakataa, na mnamo mwaka 1812 au 1813 majeshi yakakutana Shela, katika vita viitwavyo vya Kuduhu, Waamu wakashinda, kisha wakaomba himaya ya Sayyid Said wa Oman. Ulimi wa Mvita ulikuwa Muyaka bin Haji. Wa Amu ulikuwa Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi pamoja.

Ugomvi wao wa maneno haukuhitaji waonane. Shairi lilihifadhiwa moyoni au likaandikwa kwa hati za Kiarabu, likatiwa chomboni, likapanda na kusi kwenda Amu, na jawabu likashuka na kaskazi. Na kwa kuwa tusi lililovuka bahari halijibiki papo hapo, watu walipata wasaa wa kulikariri, kuyafumbua mafumbo yake na kubishana juu ya maana yake, hata jawabu lilipowasili mji mzima ukawa unajua ni neno gani linalojibiwa. Wasikilizaji hao, wengi wao wenye jamaa na biashara huku na huku, ndio waliokuwa uwanja wa vita, na mimi naona kwamba bila wao pasingekuwa na ugomvi, bali watu wawili wanaosema peke yao.

Tena ilikuwako ada ya kujibizana: mwenye kujibu huifuata bahari ya mwenziwe na vina vyake, na aghalabu huitwaa hata istiari yake akaigeuza: mmoja akiusifu mji wake kuwa ni chombo madhubuti, mwingine huuliza habari za nahodha. Kwa hiyo kila mmoja alilazimika kukaa ndani ya shairi la adui yake, akilipima neno kwa neno, mizani kwa mizani, na kumjua kwa undani kuliko amjuavyo jirani wa mlango wa pili. Riwaya nyingi za mahasimu wasioonana hupwaya kwa kukosa jambo hilo: kila mmoja amepewa chuki yake na sura zake, lakini tendo la huyu halifiki nyumbani kwa yule, wala halimlazimishi kubadili chochote.

Sayyid Said aliitwaa Mombasa mwaka 1837, na Muyaka akafariki mwaka 1840. Tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa na kasisi William Taylor, hata William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Ama mashairi ya pande zote mbili yalichapishwa katika kitabu kimoja na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1995; mwandishi wa riwaya na akitafute kitabu hicho, ayasome kwa kufuatana, shairi na jawabu lake.