Goti la bandia: usikae tu, tembea

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya kuwekewa goti la bandia, ndugu na majirani humwambia: "Kaa, pumzika, kazi tutafanya sisi." Ni maneno ya upendo, lakini akiyafuata kupita kiasi yatamletea hasara. Goti lisilokunjwa na kunyooshwa katika wiki za mwanzo hukakamaa, na kulilegeza baadaye ni kazi ngumu.

Katika upasuaji huu, daktari huondoa sehemu zilizosagika na kuweka vipande vya chuma na plastiki ngumu. Hapa Tanzania hufanyika katika hospitali kubwa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Goti hilo kwa wengi hudumu zaidi ya miaka 15, lakini bila misuli yenye nguvu halitakufikisha mbali.

Wiki 6 za mwanzo

Wagonjwa wengi husimamishwa na kutembezwa kwa magongo siku ileile au siku inayofuata. Ukifika nyumbani, tembea kidogo kidogo mara nyingi kwa siku: hadi uani, kisha hadi kwa jirani. Fanya pia mazoezi uliyofundishwa hospitalini. Ya kawaida ni haya:

- Ukiwa umelala chali, chezesha nyayo juu na chini ili damu isigande.
- Nyoosha mguu, kandamiza goti kwenye godoro, hesabu hadi 5, kisha achia.
- Buruta kisigino kuelekea makalio hadi goti likunjike, kisha nyoosha tena.

Usiweke mto chini ya goti unapolala, kwa sababu goti litazoea kujikunja. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima; ukishuka tanguliza uliopasuliwa.

Choo, sala na shamba

Choo cha kuchuchumaa ni kigumu kwa goti hili. Fundi seremala anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Kupiga magoti si marufuku kwa wengi, ila huuma; sali ukiwa kwenye kiti hadi daktari akuruhusu.

Kazi nyepesi, kama kupika na kufagia, hurudi taratibu baada ya wiki 6 hivi. Kwa palizi nyepesi, wengi husubiri takribani miezi 3. Kulima kwa jembe na kubeba ndoo au magunia, muulize kwanza daktari wako. Mpira, kukimbia na kuruka, achana navyo.

Maumivu na dalili za hatari

Goti kuuma na kuvimba kiasi baada ya mazoezi ni kawaida. Meza dawa ulizoandikiwa, inua mguu, pumzika kidogo. Ikiwa asubuhi yake bado limevimba zaidi ya kawaida, siku hiyo punguza mazoezi, usiyaache.

Nenda hospitali haraka ukiona haya:

- Homa, usaha au kidonda kuwa chekundu na cha moto.
- Uvimbe na maumivu nyuma ya mguu, chini ya goti.
- Kifua kubana au kushindwa kupumua. Hapa usisubiri hata saa moja.

Nanyi ndugu wa mgonjwa, msimwache akikaa kutwa nzima. Mwambieni: "Inuka, twende pamoja mpaka kwa jirani."