UZI: "Tulinde samaki wetu." Samaki gani hasa?

1/ Msimu wa siasa ukifika, lazima mtu apande jukwaani karibu na Ziwa Victoria aahidi kulinda "samaki wetu" dhidi ya tilapia wa barafu kutoka Uchina. Umati unashangilia. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na neno linalonisumbua hapo ni "wetu". Twende na historia kidogo.

2/ Zamani ziwa lilikuwa la ngege, mbiru, ningu na fulu. Fulu pekee walikuwa aina kama 500, wengi hawapatikani kwingine duniani. Ni wadogo, unawaanika juani, basi. Kina mama wengi walipata riziki hapo.

3/ Reli ikafika Kisumu 1901, zikafuata nyavu za kisasa na soko la mbali. Ngege wakaanza kupungua. Mwaka wa 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alichunguza ziwa. Alipendekeza tundu la wavu lisipungue inchi 5. Pia alionya: kuleta samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti wa kina ni hatari kubwa.

4/ Miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni waliona fulu hana faida. Mbona asiliwe na samaki mkubwa wa kuuzika? Mwaka wa 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer alipinga kwa maandishi. Lakini mbuta alikuwa tayari ndani ya maji upande wa Uganda, na 1963 akaongezwa Kisumu. Mabishano yalikuwa ya maafisa na wataalamu. Mama wa fulu hakuwa na kiti pale.

5/ Miaka 20 hivi ikapita kimya. Halafu, karibu 1980, mbuta akalipuka upande wetu. Fulu waliokuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani wakashuka chini ya asilimia 1. Aina kama 200 zinahofiwa kutoweka kabisa. Tusimbebeshe mbuta lawama zote: uvuvi wa kupita kiasi na uchafu wa mashamba na miji ulichangia.

6/ Sasa hii ndiyo wengi hawajui. Nyamami, yule tilapia unayeletewa na ugali Kisumu, pia ni mgeni! Aliletwa miaka hiyo hiyo ya 1950. Yeye hakumla ngege, alimshinda tu: anakula karibu chochote, anakua mkubwa, anang'ang'ania mahali pa kuzalia, na anazaana na ngege mpaka damu inachanganyika. Ngege wa asili utampata Ziwa Kanyaboli, Siaya, ambako mbuta hakufika.

7/ Tuwe wakweli, mbuta alileta pesa. Viwanda vya minofu vikajengwa, ajira zikapatikana, dola zikaingia. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mitaani Kisumu ikabaki mifupa na kichwa: mgongo wazi. Na Ulaya ilipozuia samaki wetu mwishoni mwa miaka ya 1990, mvuvi ndiye aliumia. Uamuzi ulifanywa mbali, njaa ikaja nyumbani.

8/ Kwa hivyo sisemi tumfukuze mbuta. Haiwezekani, na familia nyingi zinamtegemea. Ninachosema ni kwamba "mgeni dhidi ya mwenyeji" ni hoja nyepesi. Hata vizimba vinavyojaa ziwani leo vinafuga nyamami.

9/ Mgombea akija, muulize: Nani ataulizwa kabla ya vizimba kuongezwa? Utalindaje Kanyaboli, ghala letu la mbegu ya ngege? Na kwa kuwa Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa, utakubaliana nini na Uganda na Tanzania?

10/ Akijibu kwa wimbo na kofia za bure, basi umeshapata jibu. Mwisho wa uzi. Mtumie yule binamu yako anayebishana kila siku.